Ziara ya Pompeii: Tuangalie Nini?



Ndugu wanafunzi, Qur'ani inatuhimiza mahali pengi tusafiri na kuzingatia mwisho wa waliotutangulia. Mji wa Pompeii, Italia, ni darasa la somo hilo. Wanafunzi wa shule hupelekwa huko kujifunza maisha ya Warumi wa kale, kwani mwaka 79 Miladia mlima Vesuvius ulilipuka ukaufukia mji kwa majivu, na mengi yakahifadhika.

Wageni huonyeshwa barabara za mawe, mabafu ya umma na nyumba za matajiri zenye picha ukutani. Wengine hutoka wakisema: walikuwa waovu, wakaangamizwa. Tuwe waangalifu na kauli hiyo. Waliokufa walikuwemo watoto na watumwa, na hukumu ya kila nafsi iko kwa Allah. Kuzingatia si kuwahukumu wafu. Ni kujihesabu sisi wenyewe.

Basi mwanafunzi aulize: ni nani aliyeibeba fahari hii? Mwaka 2023 ilitangazwa kuwa kumefukuliwa nyumba yenye chumba cha kuoka mikate. Madirisha yake ni madogo, yana nondo. Hakina mlango wa kutokea nje. Njia pekee inaingia ukumbi wa nyumba. Sakafuni kumechongwa alama za kuongoza hatua za punda aliyezungusha jiwe la kusagia. Watafiti wanaona kwamba watumwa walifungiwa humo pamoja na punda, wasage nafaka.

Nje kidogo ya mji, pale Civita Giuliana, mwaka 2021 kilipatikana chumba cha watumwa chenye vitanda vitatu katikati ya vyombo vya kazi. Kimoja kina urefu wa meta 1.40 tu. Huenda alikilalia mtoto.

Mwenye nyumba alikula mkate bila kumwona aliyeusaga. Dini yetu imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara, na Mtume (S.A.W.) alihimiza mfanyakazi alipwe ujira wake bila kucheleweshwa.

Maswali ya darasa la wiki hii:
1. Anayepika kantini na anayefagia hosteli, tunawajua majina?
2. Jumuiya yetu inapoajiri mtu wa kazi, analipwa lini?
3. Ukizuru magofu yoyote, utaulizia chumba cha nani kwanza?

Wabillahi tawfiq.