Kutoka Umoja hadi Usukani wa Ndege: Kazi ya Kufanya Kabla Tangazo Halijatoka

Mkaaji wa mtaa wa Umoja, Nairobi, hayuko mbali na ndege. Ukishika Outering Road kuelekea Embakasi, uwanja wa ndege wa JKIA uko hapo tu. Hata hivyo, vijana wengi wa mtaani huamini kwamba urubani ni wa mtoto wa tajiri, au wa mtoto wa rubani. Imani hiyo haikuzuka bure. Kujilipia mafunzo tangu mwanzo hadi leseni ya rubani wa kibiashara humeza mamilioni ya shilingi. Na Irene Koki Mutungi, aliyejiunga na Kenya Airways mwaka 1995 akiwa rubani wake wa kwanza mwanamke, kisha akawa Mwafrika wa kwanza mwanamke kupewa ukapteni wa Boeing 787, baba yake alikuwa rubani.

Upo mlango mwingine. Shirika la ndege huchukua vijana ambao hawajawahi hata kukaa mbele ya ndege, likawachuja, likawapeleka shule, kisha wakarudi kulifanyia kazi. Kenya Airways huuita mpango wake ab initio, na kwa miaka mingi makadeti wake wamefunzwa Ethiopia na Afrika Kusini. Ubaya ni kwamba mlango huu haufunguki kila mwaka, na ukifunguka huwa wazi kwa siku chache. Anayeanza kujiandaa siku ya tangazo amechelewa.

Hatua ya kwanza: Jua ni mlango upi ulio wako

Viungo vinavyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp vingi havituhusu. Speedbird Pilot Academy ya British Airways hulipia mafunzo yote, lakini humtaka mwombaji awe na haki ya kuishi na kufanya kazi Uingereza. Mpango wa kadeti wa Emirates unaogharamiwa na shirika ni wa raia wa Falme za Kiarabu. Kwa hiyo kabla ya kufurahi, tafuta kwanza sharti la uraia.

Kosa jingine liko hapa hapa jirani. Wengi husikia kuna chuo cha urubani Embakasi. Kilichopo ni East African School of Aviation, chuo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, kinachojulikana kwa kufundisha waongozaji ndege na kazi nyingine za anga. Ni chuo kizuri, na kazi zake ni za heshima, ila stashahada yake ya shughuli za safari za ndege haikufanyi rubani.

Hatua ya pili: Pima mwili kabla ya kupima ndoto

Rubani wa kibiashara anahitaji cheti cha afya cha Daraja la Kwanza, kinachotokana na uchunguzi wa daktari aliyeidhinishwa na KCAA. Daktari wa kliniki ya mtaani hawezi kukupa. Utakaguliwa macho, masikio, moyo, mapafu, damu na mkojo, na utaulizwa kama umewahi kuzimia au kupata kifafa.

Miwani haikufungii njia, ingawa mtaani utaambiwa vingine. Viwango vya kimataifa hutaka kila jicho lifike 6/9 na yote mawili pamoja 6/6, hata kama ni kwa miwani. Kinachowaangusha watu bila kutarajia ni rangi: kuna kitabu cha Ishihara, chenye kurasa za vidoa vya rangi vilivyoficha tarakimu, na asiyetofautisha nyekundu na kijani hupata taabu hapo. Kipimo hicho daktari yeyote wa macho anaweza kukufanyia kwa dakika chache. Kifanye mapema. Ni afadhali kulijua hilo ukiwa Kidato cha Tatu kuliko baada ya familia kufanya harambee.

Hatua ya tatu: Karatasi

Cheti chenyewe cha KCSE, si karatasi ya matokeo. Kama bado kiko shuleni, kakichukue. Kitambulisho. Pasipoti, kwa sababu huenda ukasomea ng'ambo. Cheti cha maadili mema cha DCI huombwa kupitia eCitizen, na alama za vidole unaweza kupigwa Huduma Centre ya Makadara bila kufika katikati ya jiji. Mashirika hutazama Hisabati, Fizikia na Kiingereza pamoja na alama ya jumla, kwa hiyo aliye bado shuleni asiitupe Fizikia, na wa mtaala mpya achague mkondo wa STEM.

Hatua ya nne: Noa kichwa

Hapa ndipo wengi huachwa, na hapa ndipo mtoto wa Umoja anaweza kulingana na yeyote, maana mazoezi hayana bei. Mtihani wa mchujo haukuulizi habari za ndege sana. Unapima kumbukumbu, hesabu za haraka, uwezo wa kufuata mambo mawili kwa wakati mmoja, na jinsi mkono unavyotii jicho kwenye skrini.

Fanya hesabu bila kikokotoo, ukiwa ndani ya matatu ya 35/60 na muziki umefunguliwa wote. Ndege inakwenda maili za baharini 420 kwa saa. Itakwenda ngapi kwa dakika nane? Gawanya kwa 60 upate saba, zidisha kwa nane: 56. Nyingine: ndege inatakiwa ishuke futi 30,000, ianze kushuka umbali gani kabla ya kufika? Marubani huchukua maelfu ya futi na kuzidisha kwa tatu: maili 90. Ukizoea kujibu huku kondakta anakudai nauli, chumba cha mtihani kitakuwa kimya mno kwako.

Kiingereza nacho kinataka mazoezi ya mdomo. Mawasiliano ya redio hudai angalau kiwango cha nne kwa kipimo cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na Sheng ya stejini, tamu kama ilivyo, haimsaidii mwongozaji ndege wa Addis Ababa.

Kuna pia mazoezi ya kikundi, mnapewa tatizo mlitatue pamoja. Anayewameza wenzake kwa maneno hupoteza alama, na anayenyamaza kabisa hupoteza pia. Kwenye usaili, lijue shirika unaloliomba: Kenya Airways (KQ) ilianzishwa 1977 baada ya East African Airways kuvunjika, na ina Embraer 190, Boeing 737-800 na 787-8.

Hatua ya tano: Nenda Wilson

Panda matatu hadi mjini, kisha za Rongai kutoka Railways zikushushe Lang'ata Road. Shule za urubani ziko pale uwanja wa ndege wa Wilson, na nyingi huuza safari moja ya majaribio pamoja na mwalimu. Si lazima ulipie. Kuuliza maswali hakutozwi, na wanafunzi wa pale hawana majivuno kama tunavyodhani.

Hatua ya sita: Tangazo likitoka

Lisome kwenye tovuti ya shirika lenyewe, na utume maombi siku hiyo hiyo. Anayekutaka utume "ada ya fomu" kwa nambari binafsi ya M-Pesa ni tapeli, hata akiwa na nembo ya shirika kwenye picha yake.

Hatua ya saba: Mkataba

Ukipita, usiruhusu furaha itie sahihi. Uliza nani analipa karo, na kama ni mkopo utakatwa kiasi gani kwenye mshahara. Uliza umefungwa miaka mingapi, na ukishindwa mtihani katikati ya masomo deni ni la nani. Uliza pia itakuwaje ukimaliza masomo na kazi haipo, maana mwaka 2020 ndege zilipoegeshwa kwa sababu ya korona, marubani wenye uzoefu walipoteza kazi duniani kote. Kumbuka kwamba leseni si mwisho: kuna mafunzo ya aina maalumu ya ndege, kisha kuruka kama rubani msaidizi, na leseni ya juu kabisa, ile ya ukapteni wa shirika, hudai saa 1,500 angani.

Mkataba ukitaka mdhamini, mpelekee wakili kwanza. Na kama dhamana ni hati ya nyumba ya familia, kila aliye na haki katika nyumba hiyo aketi mezani kabla mzazi hajashika kalamu.