Mama amemaliza mionzi, wema wetu je?

Siku mama yetu alipomaliza mionzi nyumba ilijaa watu. Ikasomwa dua, ubwabwa ukaliwa, kila mmoja akasema Alhamdulillah, amepona. Baada ya wiki mbili simu zikakatika. Nilipomwomba kaka yangu ampeleke kliniki alinijibu: "Si alishamaliza matibabu?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo tunapokosea wengi. Tunadhani wema kwa mzazi mgonjwa ni mchango wa hospitali. Mchango ukifungwa, na wema umefungwa.

Mama aliugua saratani ya titi. Alipasuliwa, akatundikiwa dripu za dawa, kisha mionzi. Matibabu haya huua chembe za saratani, lakini huziumiza pia zilizo nzima. Uchovu wake si ule wa shambani unaoisha kwa usingizi. Unaweza kudumu miezi. Vidole hufa ganzi hata kikombe kikamponyoka. Tezi za kwapani zikiondolewa, mkono wa upande ule unaweza kuvimba, kwa hiyo asiachiwe ndoo nzito, na jeraha dogo la kisu lisipuuzwe. Wapo wanaomeza vidonge kila siku kwa miaka 5 au zaidi ili ugonjwa usirudi. Huyo ndiye tunayesema amepona!

Allah (SW) katika Suratul Israa, aya ya 23, ametukataza kuwaambia wazazi hata "uff". Sasa ile "si alishamaliza?" ni nini kama si "uff" iliyovalishwa kanzu?

Na tuseme ukweli, wanaume. Nilikuwa najisifu kuwa mama anakaa kwangu, kumbe anayemwogesha, anayempikia uji na kuamka usiku ni mke wangu. Yeye ana ujira wake kwa Mola wake, lakini deni la mama ni langu. Kumwogesha sitamwogesha kwa ajili ya stara, ila kuchota maji, kufua, kwenda kuchukua dawa na kukaa naye vinanishinda nini?

Lipo pia la ibada. Mama aliona haya kuswali amekaa, akajilazimisha kusimama mpaka akaanguka. Mtume (SAW) alimfundisha Imran bin Huswain, aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Imo katika Bukhari. Ruhusa hiyo mzazi asomewe na mtoto wake, kwa upole, si kwa kufokewa. Saumu nayo ina ruhusa yake (2:184-185), na kuhusu saa za kumeza dawa aulizwe daktari kabla ya Ramadhani kuingia. Habbat sauda siikatai, ila daktari naye aambiwe. Chupa zile za jirani zisizo na jina ndizo zinazonitisha.

Tukapanga zamu. Kaka alipewa Jumatano, akaja amenuna. Baada ya Alasiri alikaa na mama barazani, hana la kusema, akawa anamchambulia mchicha tu. Ndipo mama akamwonyesha mkono. Ulikuwa umevimba tangu Mfungo Mosi, miezi miwili nzima, akiuficha ndani ya mtandio asije akatusumbua.

Alhamisi asubuhi kaka ndiye aliyempeleka kliniki.