Taharuki katika Kisa cha Kuibwa kwa Dick na Mwaliko: Chozi la Heri

Ukiulizwa riwaya ya Chozi la Heri (Assumpta K. Matei, 2014) inahusu nini, bila shaka utataja ghasia za baada ya uchaguzi, ukimbizi wa ndani na malezi. Majibu hayo ni sahihi. Hata hivyo, ndani ya riwaya hii mna kisa kingine ambacho kingeweza kuandikwa peke yake kama riwaya ya upelelezi: watoto wawili wanaibwa na mtu waliyemwamini, na dada yao anabaki na nyumba tupu. Katika sehemu hii tutakichunguza kisa hicho kwa upande wa taharuki, kwa kuwa hapo ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama.

Kisa kwa ufupi

Lunga Kiriangombe na mkewe Naomi wana watoto watatu: Umulkheri (Umu), Dick na Mwaliko. Lunga anafutwa kazi kwa kuwatetea wananchi dhidi ya mahindi yasiyofaa kuliwa, na maisha yanaanza kuporomoka. Naomi anaiacha familia yake, kisha Lunga anafariki. Watoto wanabaki na Sauna, kijakazi wao. Siku moja Umu anatoka shuleni na kukuta kimya. Sauna hayupo. Ndugu zake hawapo.

Itazame hali hiyo vizuri kabla ya kuendelea. Baba amekufa, mama ameondoka, na mtu mzima wa pekee aliyebaki nyumbani ndiye aliyetoweka na watoto. Umu hana wa kumlilia wala wa kumuuliza. Mwandishi amemwondolea nguzo moja baada ya nyingine, polepole, na pigo hili la mwisho linapokuja halina kizuizi. Ukijadili taharuki katika kisa hiki usianzie siku ya wizi. Anzia siku Naomi alipoondoka, maana tangu hapo msomaji ameanza kujiuliza: hawa watoto watalelewa na nani?

Taharuki ya kisa hiki ni ya aina gani?

Taharuki ni hali ya msomaji kutiwa hamu na wasiwasi wa kutaka kujua litakalofuata. Katika riwaya nyingi za upelelezi hamu hiyo hutokana na swali moja: nani alitenda? Ukisoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka wa 1960, utamwona Bwana Msa na kiko chake akikusanya dalili mojamoja hadi mkosaji abainike. Mkosaji hujulikana mwishoni.

Assumpta Matei anafanya kinyume. Mkosaji tunamjua mapema, naye ni Sauna. Tusilolijua ni waliko watoto, kama wako hai, na kama wakipatikana watakuwa bado ni wale wale. Kumbuka kuwa mtoto hukua. Kadiri miaka inavyopita, uso unabadilika, sauti inabadilika, na huenda hata kumbukumbu ikafifia. Kwa hiyo muda wenyewe unakuwa adui wa Umu. Hoja hii haipatikani katika majibu mengi, nawe ukiieleza vizuri mtahini ataona kuwa umekisoma kitabu chenyewe wala hukutegemea muhtasari.

Tofautisha pia maneno mawili. Watu wengi huandika kuwa watoto hawa "walitekwa nyara". Si kosa kubwa, lakini mteka nyara kwa kawaida hudai kikombozi, na simu yake au barua yake huwapa wapelelezi pa kuanzia. Sauna hadai chochote. Anawapeleka watoto kwa Bi. Kangara, ambaye biashara yake ni kuwauza watoto. Huo ni ulanguzi wa watoto, na ukimya wake ndio unaotisha: hakuna anayepiga simu, hakuna anayeandika. (Nchini Kenya, Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka wa 2010 inaweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Na ukijua mtoto aliye hatarini, nambari ya 116 hupigwa bila malipo.)

Upelelezi uko wapi?

Hapa pana ukosoaji wa jamii ambao usiupite haraka. Umu anapiga ripoti kwa polisi, lakini ripoti hiyo haimrudishii ndugu zake. Mtoto huyu analazimika kuondoka nyumbani na kwenda jijini, ambako Hazina, kijana wa mtaani ambaye Umu aliwahi kumsaidia zamani, ndiye anayemshika mkono. Baadaye, katika Shule ya Tangamano, anapata marafiki wa kumsikiliza, na Mwalimu Dhahabu anamkutanisha na Mwangeka na Apondi, wanaomchukua kama mtoto wao. Wanaomwokoa, basi, ni mtoto asiye na makao, mwalimu na wanandoa wenye huruma. Vyombo vilivyowekwa kwa kazi hiyo havionekani vikiifanya kwa wakati.

Je, mwandishi anasema polisi hawana kazi? La. Sauna na Bi. Kangara hatimaye wanatiwa mbaroni. Lakini wakati huo Dick amekwisha kuuzwa kwa Buda, akalazimishwa kulangua dawa za kulevya, akaishi kwa vitisho. Sheria imefika, ila imechelewa, na aliyelipia kuchelewa huko ni mtoto.

Sauna: mkosaji aliyekosewa

Laiti Sauna angekuwa jitu katili tu, kisa kingekuwa chepesi. Mwandishi anatumia mbinu rejeshi kutuonyesha utoto wake: baba wa kambo, Bw. Maya, alimnajisi, na mamake mzazi akaamua kuificha aibu badala ya kumtetea binti yake. Sauna akaondoka nyumbani akiwa hana kwa kwenda, akaangukia mikononi mwa Bi. Kangara. Aliyeiba watoto aliwahi kuwa mtoto asiyelindwa na mtu yeyote.

Angalia mahali maelezo haya yanapowekwa. Yangekuja kabla ya wizi, tungemhurumia Sauna na pengine kumshuku mapema. Yanakuja baadaye, tukiwa tayari tumemchukia, nasi tunalazimika kujiuliza kama chuki yetu inatosha. Hata hivyo, katika jibu lako usimsafishe. Mateso yake yanaeleza chanzo cha tendo lake; hayaliondolei ubaya. Yeye mwenyewe alijua uchungu wa kukosa mtetezi, na bado akawakosesha Dick na Mwaliko mtetezi.

Sadfa: je, ni udhaifu?

Umu na Dick wanakutana katika uwanja wa ndege, kila mmoja akiwa katika safari yake. Mwaliko anapatikana baadaye katika Hoteli ya Majaliwa. Baadhi ya wasomaji hulalamika kuwa sadfa mbili ni nyingi mno: taharuki iliyojengwa kwa sura nyingi inafunguliwa kwa bahati.

Kwa maoni yangu lalamiko hili lina uzito katika tukio la uwanja wa ndege, na halina uzito katika lile la hoteli. Mwaliko alilelewa katika kituo cha watoto cha Benefactor, kisha akachukuliwa na Mwangemi na Neema. Mwangemi ni binamu wa Mwangeka, baba mlezi wa Umu. Yaani ndugu hawa wawili walikuwa wameingizwa katika ukoo mmoja bila wao kujua! Msomaji makini ambaye amelikumbuka jina la Mwaliko yuko mbele ya Umu, na anasubiri tu lini pazia litafunguka. Hiyo ni kinaya, na pia ni taharuki ya hali ya juu: hofu imegeuka kuwa hamu. Kuhusu uwanja wa ndege, unaweza kuitetea sadfa hiyo kwa kusema kuwa riwaya nzima inahusu watu waliotawanywa na misukosuko, na waliotawanyika hukutana njiani. Chagua upande, kisha utoe ithibati kitabuni. Mtahini hakulazimishi kukubaliana naye.

Unapojibu swali

Tuseme umeulizwa: "Eleza jinsi mwandishi wa Chozi la Heri alivyofanikiwa kutumia taharuki." Usisimulie kisa kizima. Kwa kila hoja, taja tukio, sema linamwacha msomaji na swali gani, kisha onyesha swali hilo linajibiwa wapi au linaachwaje. Kwa mfano: Umu anarudi nyumbani na kuwakosa ndugu zake (tukio), msomaji anabaki kujiuliza Sauna amewapeleka wapi (swali), tunakuja kujua baadaye kuwa Dick aliuzwa kwa Buda naye Mwaliko akaishia katika kituo cha Benefactor (jibu). Sentensi tatu zinatosha. Ukiacha swali la katikati, umetoa muhtasari tu, na muhtasari hauna alama hapa.

Maswali ya udurusu

1. "Katika Chozi la Heri, muda ni adui kuliko Sauna." Jadili ukirejelea maisha ya Umu, Dick na Mwaliko. (alama 10)

2. Linganisha jinsi Hazina na Sauna walivyoyapokea mateso ya utotoni mwao. (alama 6)

3. Sadfa ya Hoteli ya Majaliwa imeandaliwa vipi na mwandishi kabla haijatokea? (alama 4)