Dondoo muhimu: Kutoka kibali cha kazi hadi ukaazi wa kudumu Kanada

Unafanya kazi Kanada na unataka kuomba ukaazi wa kudumu kupitia mfumo wa Express Entry? Jiandae mapema.

• Hesabu saa zako. Katika mfumo huo, kundi la wenye uzoefu wa kazi Kanada linahitaji angalau saa 1,560 za kazi ya ujuzi yenye malipo, ndani ya miaka 3 iliyopita. Kazi uliyofanya ukiwa mwanafunzi wa muda wote haihesabiwi.

• Fanya mtihani wa lugha. Matokeo hudumu miaka 2. Ndugu mliosoma kwa Kifaransa Kongo au Burundi, msiache kupimwa lugha hiyo, huongeza alama.

• Dai barua kamili ya mwajiri. “Alikuwa mpishi wetu” haitoshi. Barua itaje cheo, tarehe, saa za kazi kwa wiki, mshahara na majukumu: kupika, kuagiza vyakula, kusimamia wasaidizi.

• Tafuta cheti cha polisi mapema. Ukishaalikwa kuomba ukaazi, una siku 60 tu za kutuma maombi, na cheti kutoka nyumbani huweza kuchelewa.

• Usiruhusu kibali kiishe. Uliza kama unastahili kibali cha mpito wakati maombi yako yanaposhughulikiwa.

• Sema kweli tupu. Taarifa za uongo zaweza kukufungia mlango kwa miaka 5, hata kama fomu alijaza wakala. Soma kila ukurasa kabla ya kutia saini, na hakikisha wakala huyo amesajiliwa.