Ithibati Huru na Huduma za Serikali za Kaunti: Dhana, Istilahi na Matumizi

Utangulizi

Tangu serikali za kaunti 47 zilipoanza kazi baada ya uchaguzi mkuu wa Machi 2013, raia wa Kenya amekuwa akikutana na serikali karibu zaidi na mlango wake. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezikabidhi kaunti hospitali na zahanati, magari ya wagonjwa, vichinjio, masoko, leseni za biashara, maji na usafi wa mazingira, pamoja na elimu ya chekechea. Ukizitazama huduma hizi kwa makini utaona kwamba nyingi zinategemea kipimo. Daktari wa hospitali ya kaunti hutibu kwa kufuata majibu ya maabara. Mkaguzi wa nyama hupiga mhuri baada ya kukagua. Kampuni ya maji hutangaza kuwa maji ni salama kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, aliyapima. Swali linaloongoza makala haya ni hili: ni nani aliyempima mpimaji?

Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa ithibati. Makala haya yanaifafanua dhana hiyo, yanachunguza istilahi zinazoizunguka katika Kiswahili, kisha yanaonyesha jinsi inavyofanya kazi katika huduma za kaunti. Huenda msomaji akauliza mada hii inakihusu nini chama cha wanafunzi wa Kiswahili. Inakihusu sana, kwa maana vyeti vya ithibati hapa nchini huandikwa kwa Kiingereza ilhali wanaokunywa maji yenyewe huzungumza, huulizana na hulalamika kwa Kiswahili na kwa lugha za mama.

Ithibati, uthibitishaji na leseni

Neno ithibati lina asili ya Kiarabu, kutoka mzizi th-b-t, unaobeba maana ya kuwa imara, kutotikisika. Mzizi huo huo umetupatia thabiti, uthabiti, thibiti, thibitisha na uthibitisho. Katika matumizi ya zamani ithibati ilimaanisha ushahidi au hoja inayolifanya jambo lisimame. Maana ya kiutawala, yaani tamko rasmi la chombo huru kwamba taasisi fulani ina umahiri wa kufanya kazi fulani, ni upanuzi wa maana hiyo. Inapendeza kuona kwamba Waarabu wenyewe, kwa dhana hii, hutumia neno lingine kabisa, iʿtimad, lenye mzizi wa kuegemea. Nalo neno la Kiingereza, ukilifuata hadi Kilatini, linatokana na credere, yaani kuamini. Hivyo basi lugha tatu zimelitazama jambo moja kutoka pande tatu: moja imetazama imani, nyingine egemeo, na Kiswahili kikatazama uthabiti wa kitu chenyewe. Kwa maoni yetu Kiswahili hakikukosea, kwani mtu anaweza kuaminiwa pasipo kustahili.

Tatizo linaanza tunapotafuta kitenzi. Ithibati ni nomino ya ngeli ya I-ZI, nayo haina kitenzi chake cha pekee. Waandishi wengi hukimbilia thibitisha, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa, kwa maana uthibitishaji ni kazi tofauti. Shirika la uthibitishaji huchunguza kama bidhaa au mfumo wa usimamizi unakidhi kiwango fulani, kisha hutoa cheti. Chombo cha ithibati humchunguza huyo mthibitishaji, au maabara, au mkaguzi, na kuamua kama ana umahiri na kama hapendelei upande. Kwa ufupi, ithibati iko ngazi moja juu. Leseni nayo ni ruhusa ya kisheria ya kufanya kazi. Maabara ya hospitali inaweza kuwa na leseni halali ukutani na isiwe na ithibati ya kipimo hata kimoja. Tunapendekeza tuseme kwamba maabara imepewa ithibati, bidhaa imethibitishwa, na mfanyabiashara amepewa leseni. Anayetoa aitwe mtoa ithibati. Wenzetu wa Tanzania wamekwisha kulizoea neno hili hata nje ya maabara: Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya Ithibati kwa ajili ya wanahabari. Hata hivyo hapo maana yake imesogea karibu na leseni, jambo ambalo mwanaistilahi hana budi kulitilia maanani.

Vyombo vinavyohusika

Nchini Kenya kazi hii hufanywa na Shirika la Ithibati la Kenya, KENAS. Liliundwa kwa Tangazo la Kisheria Nambari 55 la mwaka 2009, kisha likapata sheria yake lenyewe, Sheria ya Huduma ya Ithibati ya Kenya, mwaka 2019. Nchi kadhaa za kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwamo, zinahudumiwa na chombo cha pamoja cha SADCAS chenye makao yake Gaborone.

Chombo cha ithibati chenyewe hufuata kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17011. Maabara za upimaji na za urekebishaji wa vipimo hutathminiwa kwa ISO/IEC 17025, maabara za tiba kwa ISO 15189, na mashirika ya ukaguzi kwa ISO/IEC 17020. Mwaka 2000 vyombo vya ithibati vya nchi mbalimbali vilitia saini mkataba wa kutambuana chini ya ushirikiano wa ILAC, ili kipimo kilichofanywa mahali pamoja kisirudiwe kila kinapovuka mpaka.

Je, chombo cha serikali kinaweza kuitwa huru? Hoja hii huibuka kila mara, nayo ni ya haki. Uhuru unaozungumziwa si wa kutokuwa mali ya umma. Ni kwamba mtoa ithibati haruhusiwi kufanya kazi anayoitathmini wala kumshauri anayemtathmini, na ada hulipwa kwa tathmini yenyewe, hata kama jibu ni kunyimwa. Linganisha na hali isiyo na ithibati: kaunti inamiliki kampuni ya maji, afisa wa kaunti anachukua sampuli, maabara ya kampuni hiyo hiyo inapima, na kaunti inatangaza matokeo. Wahenga walikwisha kuonya juu ya kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

Mfano wa maji ya kisima

Tuchukue mfano wa floraidi. Katika Bonde la Ufa, hususan maeneo ya Nakuru, Naivasha na Baringo, maji mengi ya chini ya ardhi yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Kiwango cha mwisho kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yaliyozidi kiwango hicho kwa miaka, meno yake ya kudumu huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Kiwango kikiwa juu zaidi kwa muda mrefu, mifupa nayo huathirika.

Sasa tuseme kaunti imechimba kisima karibu na shule. Maabara inaleta jibu: miligramu 1.4. Kisima kinafunguliwa kwa hotuba na ngoma. Lakini hakuna kipimo kisicho na shaka. Ikiwa maabara ina shaka ya kipimo ya 0.2 juu na chini, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 1.2 na 1.6. Maabara isiyo na ithibati huenda haijawahi kuikadiria shaka hiyo, na 1.4 yake husomwa kana kwamba imechongwa katika jiwe. Maabara yenye ithibati inatakiwa iijue shaka yake. Isitoshe, toleo la mwaka 2017 la ISO/IEC 17025 linaitaka maabara inayotamka kwamba sampuli imekidhi au haikukidhi kiwango ieleze kanuni ya uamuzi iliyotumia, yaani namna ilivyoizingatia shaka kabla ya kusema ndiyo au la. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kama kisima kitafunguliwa, kitawekewa mtambo wa kuchuja, au kitafungwa.

Watathmini hawaridhiki na makaratasi. Humtazama mpimaji akipima. Huuliza kifaa kilirekebishwa lini, na nani, na kama mnyororo wa urekebishaji unafika hadi kwenye vipimo rejelezi vya taifa. Huangalia pia kama maabara hushiriki katika upimaji linganishi, ambapo maabara nyingi hupewa sampuli ya aina moja bila kuambiwa jibu, kisha majibu yao yakalinganishwa. Maabara inayotoa jibu la peke yake hulazimika kutafuta chanzo na kurekebisha.

Inafaa kusisitiza kwamba ithibati haiyafanyi maji kuwa masafi. Kinachothibitishwa ni kwamba ripoti ya maji, yawe masafi au machafu, inaweza kutegemewa. Gavana anayetaka habari njema pekee hana sababu ya kuigharimia.

Mahindi, maabara na mahakama

Mwaka 2004, wakati huduma nyingi zikiwa bado chini ya wilaya, wakazi wa Makueni, Kitui na maeneo jirani walikula mahindi yenye sumukuvu. Watu 317 walibainika kuugua na 125 wakafariki. Uchunguzi uliofanywa baadaye katika masoko ya eneo hilo ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi zilizidi sehemu 20 kwa bilioni, kiwango cha mwisho kilichoruhusiwa wakati huo. Sumukuvu haikai sawasawa ndani ya gunia: konzi moja inaweza kuwa salama na inayofuata ikaua. Kwa hiyo hata maabara hodari itatoa jibu la uongo ikiwa aliyechota sampuli alichota juu juu tu. Ndiyo maana tathmini ya ithibati, pale ambapo maabara hujichotea sampuli, huanzia sokoni.

Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na baada ya siku chache marufuku hiyo ikageuzwa kuwa sharti la cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Cheti cha namna hiyo kina uzito sawa na wa maabara iliyokitoa. Pasipo ithibati inayotambulika pande zote mbili za mpaka, afisa wa Namanga hana njia ya kuutofautisha ukweli na karatasi yenye mhuri.

Uingereza inatoa mfano wa utaratibu uliokwisha kukomaa. Huko mabaraza ya miji na wilaya huchukua sampuli za chakula madukani, na sheria inataka maabara rasmi zinazozipima ziwe na ithibati. Mtoa ithibati wa taifa ni UKAS, iliyoundwa mwaka 1995. Mwenye duka akishtakiwa, mawakili wake hawana nafasi kubwa ya kuubeza uwezo wa mpimaji.

Hospitali na nyota tano

Kwa maabara za hospitali, safari ya kuifikia ISO 15189 ni ndefu na ya gharama. Kwa kulitambua hilo, Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika lilianzisha mwaka 2009 mpango wa hatua kwa hatua uitwao SLIPTA, ambamo maabara hupewa nyota kuanzia sifuri hadi tano. Anayepata chini ya asilimia 55 hana nyota. Tano hutolewa kuanzia asilimia 95. Nyota si ithibati, ingawa mabango ya hospitali wakati mwingine huzitangaza kana kwamba ndizo. Ni ngazi ya kupandia. Faida yake kwa kaunti ni kwamba msimamizi wa afya anapoomba fedha za jokofu la vitendanishi au za fundi wa mashine, anaweza kuonyesha kwenye orodha ni alama zipi zilipotea na kwa nini.

Upeo: neno ambalo mwananchi hajaambiwa

Kuna jambo moja ambalo, kwa mtazamo wetu, ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Ithibati haitolewi kwa jengo zima. Hutolewa kwa vipimo vilivyotajwa kimoja kimoja katika waraka uitwao upeo wa ithibati. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya kupima chumvi na uchachu wa maji, na isiwe nayo kwa floraidi. Mkazi akiuliza katika baraza, "Je, maabara yenu ina ithibati?" atajibiwa ndiyo, na jibu litakuwa kweli, mtoto wake ataendelea kunywa maji ambayo hakuna mahiri aliyeyapima kwa kile kinachomdhuru.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata taarifa za kumwezesha kunufaika na huduma, Kifungu cha 35 kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi. Haki hizi tatu zikisomwa pamoja, tangazo linalobandikwa kisimani linapaswa kueleweka na anayechota maji. Katika warsha za istilahi tunaweza kuanza na kielelezo kifupi kama hiki:

"Maji haya yalichotwa na kupimwa tarehe ... na maabara ya ... Maabara ina ithibati ya kupima: ... Haina ithibati ya kupima: ... Floraidi: ... mg/l, shaka ya kipimo: ... Kiwango cha mwisho: 1.5 mg/l. Ripoti kamili inapatikana katika ofisi ya wadi."

Mstari wa "haina ithibati ya kupima" ndio utakaopingwa zaidi na maafisa. Wapo watakaodai kwamba utawatia watu hofu bure. Wahariri wa jarida hili wamekubali kupokea vielelezo vingine vya tangazo hilo, hasa kutoka kwa wanafunzi wanaotoka Nakuru na Baringo, ambao wanajua jinsi suala la meno linavyozungumzwa nyumbani na maneno ambayo mama wa huko angeyasoma hadi mwisho.