Babu Alitoka Norwei? Fuata Jina la Shamba

Huenda babu mzaa mama alitoka Norwei. Au umeoa huko, na sasa watoto wanauliza: "Sisi ni wa wapi hasa?" Habari njema ni kwamba Wanorwei wamewaandika watu wao kwa uangalifu tangu zamani, na maandishi mengi unayasoma bure ukiwa nyumbani. Ila usikimbilie jina la ukoo. Shika jina la shamba, hilo ndilo litakalokufikisha.

1. Anza na wazee walio hai

Kabla hujagusa kompyuta, kaa na shangazi. Nani alibatizwa wapi? Alikuwa na ndugu wangapi? Fungua Biblia ya familia, maana huko watu waliandika vizazi na vifo. Geuza picha za zamani, kwa kuwa nyuma mara nyingi pana jina la mpiga picha na mji wake. Kama kuna sanduku la mbao la safari, litazame vizuri: mengi yalipakwa rangi za maua na kuandikwa jina la mwenyewe na mwaka.

2. Soma jina kama unavyosoma bin na binti

Ole Hansen ni Ole bin Hans. Dada yake, Kari Hansdatter, ni Kari binti Hans. Ole akizaa, watoto wake ni Olsen na Olsdatter. Kila kizazi kina jina lake, na damu ni ileile. Mke wa kijijini naye alibaki na jina la baba yake hata baada ya kuolewa. Desturi hii ilififia taratibu, hadi sheria ya 1923 ilipotaka kila familia ishike jina moja la kudumu.

3. Jina la tatu ni anwani

Kwa Ole Hansen Bakken, Bakken ni shamba alikoishi, na maana yake ni mteremko. Akihamia shamba la Haugen, yaani kilimani, ataandikwa Haugen. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja huweza kuwa na majina tofauti. Angalia mambo mawili hapa. Mashamba yenye jina moja ni mengi nchini, hivyo jina la shamba liende pamoja na jina la usharika. Pia, kuitwa kwa jina la shamba si kulimiliki. Husmann, mtu aliyepewa kibanda na kipande cha ardhi akalipa kwa kazi ya mikono, naye aliitwa kwa jina la shamba la mwenye ardhi.

4. Ingia Digitalarkivet

Hii ni tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Norwei, na haitozi hata senti. Humo mna sensa za 1801, 1865, 1875, 1891, 1900, 1910 na 1920. Anza na ya karibu, kisha rudi nyuma. Ya 1910 ina tarehe kamili za kuzaliwa. Za 1865 na 1875 zinahesabu hadi mifugo na mbegu zilizopandwa, kwa hiyo unaweza kumkuta babu wa babu yako pamoja na ng'ombe wake.

5. Hamia kwenye madaftari ya kanisa

Humo mna ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. Kipaimara kilikuwa lazima kisheria tangu 1736, kwa hiyo kijana aliyekosekana kwenye ubatizo mtafute hapo. Waandike pia wasimamizi wa ubatizo, kwa sababu mara nyingi walikuwa shangazi, wajomba na majirani. Mwandiko wa zamani, wa Kigothi, utakusumbua mwanzoni. Jifunze kwanza majina na miezi. Kumbuka pia kwamba herufi å ilikuwa ikiandikwa aa kabla ya 1917.

6. Watafute wasomo

Mtoto wa kwanza wa kiume kwa kawaida alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Wasichana nao walirithi majina ya bibi zao. Mtoto akifariki, mdogo wake mara nyingi alipewa jina lilelile, hivyo usidhani karani alikosea. Aliyelelewa na babu anayemwita "somo" ataielewa desturi hii bila kuelezwa.

7. Wafuate waliovuka bahari

Mwaka 1825 chombo kidogo, Restauration, kiliondoka Stavanger na watu 52. Kilifika New York na watu 53, maana mtoto alizaliwa njiani. Katika miaka 100 iliyofuata, Wanorwei zaidi ya 800,000 walihamia Amerika Kaskazini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1860 polisi wa bandarini waliandika majina ya wasafiri, na orodha hizo zimo Digitalarkivet. Kwa walioishia Marekani, kuna kituo cha nasaba za Wanorwei kule Madison, Wisconsin, na jumba la makumbusho la Vesterheim kule Decorah, Iowa.

8. Urithi uwe mikononi mwa watoto

Orodha ya majina peke yake haimshiki mtoto. Mpe kijiti cha kusukumia lefse, mkate mwembamba wa viazi unaochomwa kwenye kikaango kikavu, ukapakwa siagi na sukari. Mtoto aliyezoea chapati ataushika mara moja. Mei 17, siku ya Katiba ya 1814, watu huvaa bunad, vazi ambalo kila eneo lina lake. Chagua la wilaya ya babu, hata kama la jirani linang'aa zaidi.

9. Mwisho, andika barua

Shamba lilirithiwa na mmoja, kwa kawaida mwana mkubwa. Wadogo wakatafuta maisha kwingine, wengi wao ng'ambo. Kwa hiyo, kama wako walikuwa wenye shamba, huenda anayelilima leo ni wa damu ya yule aliyebaki. Tafuta bygdebok, kitabu cha wilaya kinachoeleza shamba moja baada ya jingine na waliokaa humo. Kisha mwandikie mwenyeji kabla hujaenda. Weka ndani nakala ya ile picha uliyoigeuza siku ya kwanza. Pengine naye anayo nyingine ya watu walewale, na miaka yote hakuna aliyeweza kumwambia ni akina nani.