Ndege wa Nyungwe na Aya ya 19 ya Suratul-Mulk

Ukipanda basi Kamembe kuelekea Huye, barabara inaukata msitu wa Nyungwe, na wengi wetu tunaupita macho yakiwa kwenye simu. Msitu huu ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na mwaka 2023 UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia. Una zaidi ya aina 300 za ndege.

Katika Suratul-Mulk, aya ya 19, Mwenyezi Mungu anauliza kama watu hawawatazami ndege walio juu yao, wanavyokunjua mbawa na kuzikunja, wala hakuna awashikaye ila Yeye. Zamakhshari, katika al-Kashshaf, aliona kwamba kukunjua kumetajwa kwa jina na kukunja kwa kitenzi. Akaeleza kuwa kuruka ni kama kuogelea: asili yake ni kunyoosha viungo, na kukunja huja mara kwa mara ili kusaidia mwendo. Nahau hiyo haieleweki vizuri mpaka umtazame ndege kwa utulivu.

Nyungwe yupo shorobo wa Rwenzori. Akitua ni kijani na buluu, majani humficha. Akiruka, mbawa hufunguka nyekundu. Wekundu huo una madini ya shaba, na rangi ya namna hiyo wanayo jamii ya shorobo peke yao. Mwenye haraka huona majani tu.

Basi mkienda kutembea njia za Gisakura na mwongozaji wa hifadhi, mwombeni msimame dakika kumi kimya. Mwanzoni utasikia fikra zako tu: ada, mtihani, ujumbe usiojibiwa. Usigombane nazo. Rudisha sikio kwenye sauti ya ndege mmoja, kama unavyorudisha moyo kwenye Fatiha ulipotangatanga. Anayezoea kurudi hivi msituni, hata khushui ya swala haimwii ngeni.

Kuna wanaocheza sauti za ndege kwenye simu ili wamvute karibu wapate picha. Mimi silipendi. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud kwamba maswahaba walichukua makinda mawili ya ndege safarini, mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemhuzunisha, akaamuru arudishiwe makinda yake.